Kidole Gumba na Chupa ya Fanta

Mpigaji wa omutibo, gita la vidole la Waluhya, akichoka, kinachoharibika kwanza ni kidole gumba. Wasikilizaji wengi hawakiangalii. Wao humezea mate kidole cha shahada, kile kinachodonoadonoa nyuzi nyembamba na kutoa wimbo unaomfuata mtu hadi kitandani. Gumba liko juu, kwenye nyuzi nene, linatembea na besi bila kupumzika na bila kujionyesha. Ni vidole viwili tu vya mkono wa kulia, na gita moja la mbao lisilotiwa umeme, lakini ukifumba macho unaweza kuapa kwamba chumbani mna watu watatu.

Nililelewa Makongeni, Nairobi, katika nyumba za reli zilizopangwa mistari karibu na Barabara ya Jogoo: chumba, jiko, na bomba la maji la watu wengi. Shule zikifungwa Agosti na Desemba, tulipakiwa kwenye garimoshi la jioni hadi Kisumu. Asubuhi tulipanda lile la Butere, ambalo halikuwa na haraka na mtu, tukashuka Luanda. Kutoka hapo ilikuwa ni miguu hadi kwa Kuka na Kukhu, babu na bibi yangu, ndani ya Bunyore katika nchi ya Waluhya, kwenye yale mawe makubwa ambayo sisi watoto wa mjini tuliyapanda bila ruhusa. Mengine ya ushago wengine wameyasimulia vizuri kuliko nitakavyoweza: maziwa lala ya jirani, viazi vitamu, giza lisilo na taa za barabarani. Mimi nitausimulia muziki.

Kuka hakuwa mwanamuziki wa kutajwa popote. Alikuwa mstaafu wa reli, na kazi yake huko ilikuwa kuunganisha na kutenganisha mabehewa; vidole vyake vilikuwa vinene, vyenye sugu na makovu. Nilipokuwa mdogo sikuelewa vipi mikono ile iliweza kugusa uzi mmoja bila kuugusa wa pili. Sasa nadhani nimeelewa. Hakuwa akiupiga uzi. Aliuendea, akautuliza chini ya nyama ya kidole, kisha akauachilia. Sauti ilitoka kidole kilipoondoka, si kilipofika. Ndiyo sababu wimbo wake haukuwa na mkwaruzo hata alipokwenda mbio. Vijana wengi wa leo huuvamia uzi kwa ukucha, na sauti hutoka kali, nyembamba, safi mno. Ya Kuka ilikuwa nene, na ilitoka karibu na mtu.

Gumba la mkono wa kushoto nalo halikukaa bure. Lilipita juu ya shingo ya gita na kuubana ule uzi mnene wa mwisho, jambo ambalo walimu wa madarasani hulikataza. Kwa omutibo ni lazima, kwa maana vidole vinne vilivyobaki vina kazi yao kule chini, na besi haiwezi kungoja hadi kimojawapo kipate nafasi.

Kabla ya kupiga, alikuwa na shughuli ambayo sisi watoto tuliiona inachosha. Ilikuwa nusu ya ufundi. Gita lilitundikwa chumba cha kulala, mbali na moshi wa jiko, na ufa wake mrefu wa mgongoni ulikuwa umezibwa kwa gundi ya seremala. Alilishusha, akalipangusa, akaligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Mbao hunywa maji wakati wa mvua na kukauka jua likikaa, na gita la jana si lile la leo. Uzi uliokatika hakuutupa. Kama ulikatika karibu na kigingi, aliuunga kwa fundo mahali ambapo vidole havifiki. Kama ulikatika katikati, alikuwa na akiba yake ya waya za breki za baiskeli: aliufumua waya, akachomoa unyuzi mmoja, akaufunga kwenye msumari wa mlango na kuuvuta mpaka ukanyooka. Uzi wa breki una ukali wake, na yeye alijua ni wapi kwenye gita ukali huo utaufaa wimbo. Nyuzi nene zikipoteza sauti kwa jasho na uchafu, alizichemsha kwenye sufuria kuukuu na kuzianika juani. Kukhu alikuwa na maneno yake kuhusu sufuria hiyo, na hayakuwa ya kuandikwa.

Halafu kukaza nyuzi. Hakuwa na filimbi wala kifaa cha kupimia. Aliimba kwanza, polepole, akiitafuta sauti ambayo jioni hiyo koo lake lingeifikisha juu bila kupasuka, na nyuzi zikaifuata sauti hiyo. Akiwa na mafua, gita zima lilishuka. Akiwa na afya njema na wageni wamekuja, alifunga kipande cha penseli juu ya shingo ya gita kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na nyuzi zote zikapanda kwa pamoja. Nimewaona wapigaji wenye vifaa vya maelfu ya shilingi wakilazimisha koo lifuate gita. Mimi bado naona Kuka ndiye aliyekuwa na akili.

Lakini fundi aliyenishangaza zaidi katika boma lile alikuwa Kukhu, naye hakuwahi kushika gita. Yeye alishika chupa.

Ilikuwa chupa ya Fanta, zile za kioo zenye pete kuanzia begani. Aliinunua soda Luanda na akakataa kuirudisha chupa dukani, na katika miaka ile, wakati chupa ilikuwa mali ya kuhesabiwa, kukataa huko kulikuwa uamuzi wa kifedha. Aliishika shingoni kwa ncha za vidole vitatu vya mkono wa kushoto, ili tumbo la chupa lining'inie huru. Kiganja kikigusa kioo, sauti hufa papo hapo. Nimejaribu, na kinachobaki ni mlio wa kijiko kwenye kikombe kilichojaa. Mkono wa kulia ulikuwa na msumari mrefu. Msumari ulipanda kwenye pete, ukashuka, na kila baada ya muda ukagonga bega la chupa mara moja. Kupanda kuna sauti yake, kushuka kuna yake, na kugonga ni ya tatu. Akitaka mlio wa chini, alitia maji kidogo, akajaribu, akamwaga nusu yake, akajaribu tena. Kuka alingoja. Sikuwahi kumwona akimharakisha.

Siri yenyewe ilikuwa mahali pa kugonga. Mtu asiyejua hugonga chupa pamoja na gumba la mpigaji, kwa sababu gumba ndilo linalohesabu mapigo na mtu hupenda kuwa upande wa anayehesabu. Matokeo yake ni kwamba kioo humeza besi, na gita husikika dogo. Kukhu hakugonga pale hata mara moja. Gumba lilikanyaga, naye akajibu kwenye nafasi iliyoachwa wazi, kabla gumba halijakanyaga tena. Kwa hiyo kila mmoja alisikika kwa ukamilifu wake, na gita la mbao lenye ufa likajaza nyumba. Kuka alipoanza kuimba, msumari ulihamia pete za chini ambako kioo hakina kelele nyingi. Aya ikiisha, ulirudi juu. Hakuna aliyempa ishara.

Na Kuka alikuwa akipotea, hasa baada ya mlo mzito. Alisahau aya, au kidole cha shahada kilitangulia mbele ya wimbo na kujikuta peke yake. Chupa haikusimama wala haikumkimbilia. Iliendelea palepale, kwa mwendo uleule, mpaka akapata mlango wa kurudia ndani. Wageni walipiga makofi na kumsifu Kuka, naye alizipokea sifa zote bila kumgawia mtu. Nilimpenda sana babu yangu, lakini kwa hilo sijamsamehe kabisa.

Sisi wajukuu tuliimba sauti ya pili, na mmoja baada ya mwingine tulijaribiwa kwenye mapigo. Hukupewa chupa. Ulipewa kibiriti chenye njiti nusu, ukakitikisa kando ya Kukhu huku wimbo ukienda. Kibiriti hakina huruma: ukiharakisha kidogo, njiti zinakusengenya mbele ya watu wote. Nilikuwa wa kuharakisha. Nilikuwa nikimtazama Kuka usoni nijue anakwenda wapi, na Kukhu akanigeuza kichwa kwa mkono, nitazame ukutani.

"Usimfuate Kuka yako," akaniambia. "Yeye ndiye atakufuata."

Kwa miaka mingi nilichukulia kwamba huu ulikuwa muziki wa mababu, kitu kilichoota Bunyore pamoja na yale mawe, na kwamba sisi wa Makongeni tulikuwa tunakuja kukinywea pale kwenye chemchemi. Nilipofika umri wa kuuliza, nilimuuliza Kuka ni nani aliyemfundisha, nikitarajia jina la mzee fulani wa ukoo. Akacheka mpaka akaweka gita chini.

"Makongeni," akasema. "Nyumba za nyuma ya zenu."

Baba yake mwenyewe alipiga shiriri, ile zeze ya uzi mmoja, na alikuwa akiipiga kwa kificho, kwa maana misheni ya Kima, iliyokuwako Bunyore tangu 1905, haikuwa na subira na ngoma wala na pombe iliyofuatana nazo. Kuka alifika Nairobi miaka ya 1950 akiwa na nyimbo za kanisa mdomoni na shiriri masikioni. Serikali ya kikoloni ilijenga makazi ya Waafrika mjini ikimfikiria mwanamume asiye na mke wala mtoto, mtu wa kulala na kurudi kazini. Vyumba vikajaa wanaume wenye wake zao mashambani na Jumapili ndefu isiyo na la kufanya. Jirani mmoja, mtu wa Kisa, alikuwa na gita. Mwingine alikuwa na gramafoni na santuri chache. Walikaa mlangoni, sindano ikarudishwa mwanzo wa santuri mara nyingi kuliko mwenye mali alivyopenda, na kila mtu akatafuta kwa vidole vyake kile alichokisikia. Kuka alijifunza hivyo. Chupa ilishikwa na kijana wa Nyanza aliyekuwa akifanya kazi karakana. Likizo ilipofika, Kuka alilipeleka gita nyumbani kwa garimoshi lilelile, akamfundisha Kukhu chupa kwa sababu hakuwa na mtu mwingine, na kabla likizo haijaisha mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu.

Kilichokuwa kwenye santuri zile kilitoka mbali zaidi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alimkuta Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji wa migodi wa Katanga ambao sasa unaitwa Likasi, akarekodi wimbo wa Masanga. Bosco alipiga kwa vidole viwili, gumba na shahada, na aliimba kwa Kiswahili cha Katanga ambacho mtu wa Nairobi aliweza kukielewa bila mkalimani. Mwaka 1959 alikuja Nairobi chini ya Peter Colmore, mfanyabiashara wa burudani, na akatumika kutangaza dawa ya Aspro. Edouard Masengo, Mkatanga mwenzake, alitangaza Coca-Cola. Nikilifikiria hilo hucheka peke yangu: kampuni ya soda ilileta gita kuuza chupa, na watu wetu wakachukua vyote viwili, wakavigeuza kuwa bendi.

Hata hivyo si kweli kwamba Waluhya walimwiga Bosco tu. Sikiliza George Mukabi wa Kisa. Gumba la Bosco hutembea kwa adabu. La Mukabi hudunda. Mimi nasikia ndani yake ngoma ya isukuti, ile ya Isukha na Idakho ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na ambayo mkazi wa Makongeni hakuhitaji kusafiri kuisikia: mashabiki wa AFC Leopards waliileta City Stadium kila mechi. Mukabi aliimba sana kwa Kiswahili, Kiswahili cha bara chenye lafudhi ya nyumbani kwao, na ndiyo maana wimbo kama Sengula Nakupenda ulipendwa Kaloleni na Shauri Moyo na watu wasiojua neno moja la Kiluhya. Alikufa mwaka 1963, mwaka wa uhuru, akiwa bado kijana. Santuri zake zilibaki mjini zikifundisha watu.

Bunyore nako hakukukosa watu wake. Shem Tube na wenzake wawili walianza wakiwa vijana wadogo, na hapo ndipo lilipotoka jina lao la Abana ba Nasery, yaani watoto wa nasari: magita mawili, sauti tatu, na chupa ya Fanta. Mapema miaka ya 1990, baada ya miongo ya kupiga kwenye harusi na matanga, walialikwa Ulaya na kutoa albamu ya Nursery Boys Go Ahead! Kwetu walikuwa watu wa karibu. Kuka aliwasikia redioni na kusema kwamba gita la pili linazidi maneno. Kukhu aliuliza ni nani aliyeshika chupa.

Lakini mjini, tangu zamani, gita lilikuwa limeshatiwa umeme. Daudi Kabaka alikuwa ameligeuza kuwa twisti, na wimbo wa Helule Helule ulifika mbali kiasi kwamba Waingereza wa kundi la Tremeloes waliurekodi upya mwaka 1968. Sina ugomvi na twisti, nimeicheza. Ila ngoma za kizungu zilipoingia bendini, mwenye chupa alikuwa wa kwanza kupoteza kazi, na gumba la mpigaji likapewa mapumziko kwa sababu sasa kulikuwa na mtu wa besi. Kazi ya watu wawili ikawa ya watu sita.

Leo ukitaja muziki wa Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi, watu watakutajia kundi la Kalamashaka la Dandora, au studio ya Calif Records iliyochukua jina la mtaa wa California, na wana haki. Hayo yamekuwa makubwa. Lakini hivi karibuni nilipita Jericho kurekebisha simu, na kwenye kibanda cha fundi, nyuma ya kaunta ya vioo vilivyopasuka, palikuwa na gita. Fundi ni kijana ambaye wazazi wake si Waluhya. Amepata rekodi za zamani kwenye intaneti, anazipunguza mwendo kwa programu ya simu hadi Mukabi anasikika akisinzia, kisha anavifuata vidole kimoja kimoja. Nilimwomba apige. Shahada yake ni nzuri sana, nzuri kuliko ya Kuka, nasema hivyo bila kumung'unya. Gumba lilikuwa linakimbia.

Nikamweleza habari za chupa. Yeye alikuwa akifanya mazoezi na mdundo wa simu, ule wa tik, tik, tik, na hakuona tofauti. Tofauti ni kwamba simu hugonga palepale gumba linapogonga, na humwacha mtu apotee bila kumngoja mlangoni. Tuliitafuta chupa yenye pete, na haikuwa rahisi, kwa vile soda nyingi sasa ziko kwenye plastiki. Baa moja ya Kaloleni ilikuwa nayo nyuma ya makreti, na mwenyewe, alipoona tunavyoigeuza mwangani, alipandisha bei. Tukalipa.

Kisha akahitajika wa kuishika. Marafiki wa fundi walijaribu na kila mmoja akagonga pamoja na gumba, kwa nguvu. Aliyeweza ni dada yake, ambaye huuza mitumba Gikomba na hufika nyumbani jioni akiwa amechoka kiasi cha kutotaka kumfurahisha mtu yeyote. Nilimpa kibiriti kwanza, akakitikisa huku akitazama taarifa ya habari, na njiti hazikusema kitu. Nikampa chupa. Aliishika shingoni kwa ncha za vidole bila kuambiwa, kwa sababu, alisema, ilikuwa na vumbi. Alikubali kuendelea kwa sharti moja: kila jioni ya chupa, nguo za nyumba nzima zifuliwe na kaka mtu.

Nilipopita tena, kijana alikuwa bombani na beseni, na dada amekaa mlangoni akila mahindi ya kuchoma. Nikamuuliza kaka anaendeleaje.

"Kufua amejua," akasema. "Gumba bado lina haraka."